Harufu ya Mvua Katika Chumba cha Vidonda

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutibu vidonda mwaka huu, msikilizeni mtu aliyewahi kuwadanganya wakulima wa upande wa Kyuso bila kufungua mdomo. Niliwafanya wapande ndengu kwenye vumbi, kisha nikanyamaza kimya. Yote yalianza na mashine ndogo inayotoshea kwenye mkoba wa shule.

Naitwa Munyoki. Kwa miaka thelathini na moja watu waliniita daktari, na mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi wa chumba cha vidonda, mtu wa kuosha, kupaka dawa na kufunga bendeji, lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe na miwani hakuna anayekuuliza karatasi. Sikuwasahihisha kwa sababu sikutaka kuwaaibisha. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Makueni, nafuga kuku, na hao kuku hawaniiti chochote.

Jirani yangu ana binti anayesomea uuguzi. Juzi alipita hapa akaniuliza kama ile plazma baridi ya kuua wadudu kwenye vidonda ni salama, au ni mambo ya watu wa mjini kuja kujaribia wanakijiji. Nilimjibu kwamba mashine ni salama, hatari ni Munyoki. Alicheka akidhani ni mzaha, kwa hiyo imebidi niandike.

Kabla ya plazma, nianze na sufuria. Nilipoajiriwa, vifaa vyetu tulivichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla sijafika. Aliyenifundisha kazi, Sista Rhoda, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alipima muda kwa wimbo wa kanisani. Maji yakianza kutokota, unaimba beti zote pamoja na kiitikio, polepole, mara nne. Ukimaliza, mikasi iko safi. Siku moja njaa ilinishika nikauimba mbio mbio, nikaruka na ubeti mmoja. Alinisikia kutoka korido. Alikuja, akamwaga maji yote, akaniambia nianze upya na niimbe kama mtu anayeamini maneno yenyewe. Nilikula chakula cha mchana saa kumi.

Sista Rhoda ndiye aliyenifundisha pia kwamba kitu chochote kinachoua wadudu, ujiulize kwanza kinaweza kukufanya nini wewe. Maji ya moto yalinichoma kiganja. Dawa ya klorini, siku niliyoikoroga kwa mkono mtupu kwa kuwa glavu zilikuwa mbali, kama hatua sita hivi, ilinichuna ngozi ya vidole hadi nikawa nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Baadaye ikaja ile sufuria kubwa ya mvuke yenye kifuniko cha skrubu, ambayo ikipuliza wagonjwa wote walilala chini ya benchi. Kila mara nilifundishwa, na kila mara nilisahau mashine mpya ilipoletwa. Mkitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, ndiye huyo.

Basi, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, kituo chetu kikachaguliwa kujaribu plazma baridi. Aliyeileta alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali kutoka Nairobi, msichana mrefu mpole aitwaye Achieng. Alitukusanya, mimi na Sista Mbithe aliyekuwa msimamizi wa kituo, akatoa kitu kama kalamu nene yenye waya. Alipobonyeza, ncha ikatoa mwali mdogo wa zambarau ukivuma kama nzi ndani ya chupa. Alieleza kwamba hewa ikipitishiwa umeme kwa namna fulani inageuka kuwa plazma, inaua wadudu juu ya kidonda bila kuunguza nyama. Kisha akaweka kidole chake mwenyewe kwenye mwali na kuendelea kuongea. Sista Mbithe naye akaweka chake. Mimi niliweka changu nikiwa nimefumba macho, na nilipoona bado ninacho, nikasema nilijua tangu mwanzo.

Achieng hakutuficha kitu. Alisema mashine si uchawi. Kidonda kioshwe kwanza, kwa sababu mwali haupiti kwenye usaha. Kalamu ikae mbali na ngozi kwa upana wa kidole na isogezwe muda wote, maana ukiizubaisha mahali pamoja hiyo ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Mgonjwa aulizwe kama ana kifaa cha umeme kwenye moyo. Spiriti iwekwe chumba kingine. Usiilenge machoni. Na dirisha likae wazi, kwa sababu plazma inatengeneza ozoni kidogo, hewa ambayo ikipata upepo inapotea tu, lakini ikifungiwa chumbani inajikusanya na kuuma kifua.

Niliandika yote kwenye daftari langu isipokuwa hilo la dirisha. Dirisha lilikuwa wazi tayari. Sikuona haja ya kuandika kitu ambacho nakiona kwa macho.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mwaitu Syokau. Mnajua kwetu mwaitu ni mama, na huyu alikuwa mama wa kila mtu, mjane aliyelima shamba lake peke yake na kuchunga mbuzi kumi na mmoja wasio na adabu. Mwiba ulimchoma juu ya kifundo cha mguu. Kwa kuwa alikuwa na sukari, kidonda kilikataa kufunga, kikawa na upana wa kifuniko cha mtungi. Tulikuwa tumejaribu kila tulichokuwa nacho. Daktari wa upasuaji kule Kitui mjini alimwambia waziwazi kwamba kama kidonda hakitaonyesha dalili ya kufunga ndani ya wiki sita, mguu ukatwe kabla ubaya haujapanda juu. Alimpa kadi yenye tarehe, na kadi hiyo alitembea nayo ndani ya kiondo popote alipokwenda.

"Wakikata, hizo mbuzi nitafuata na nini?" aliniuliza siku ya kwanza, akiuangalia mguu wake na si mimi. Nikaanza kuosha.

Tulimtibu kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, na baadaye wagonjwa wengine wakaongezwa siku hizo hizo. Niliosha, Sista Mbithe akapitisha mwali, baadaye nikaruhusiwa kuupitisha mwenyewe. Kila wiki niliweka karatasi ya plastiki juu ya kidonda nikachora ukingo wake kwa kalamu ya wino. Ninawaomba mfanye hivyo, kwa sababu macho husema uongo ukimpenda mgonjwa. Wiki ya tatu nilipanga zile karatasi moja juu ya nyingine dirishani, nikaona duara likiwa ndani ya duara jingine, dogo na dogo zaidi. Nilimwita Mwaitu Syokau aone. Alizitazama sana, kisha akauliza kama anaweza kupewa moja aende nayo kanisani.

Sasa sikilizeni habari ya pua. Ozoni ina harufu, nyepesi na kali kidogo, na harufu hiyo ni ile ile inayokuja na upepo kabla ya mvua ya radi. Mahali penye maji mengi labda hakuna anayejali. Upande wa Kyuso, mwisho wa Oktoba, watu wameshaangalia mbingu hadi shingo zinauma, na benchi la wagonjwa lilikuwa chini ya dirisha langu kabisa.

Wa kwanza kunusa alikuwa Pasta Kilonzo, aliyekuja na ukucha uliozama kwenye kidole gumba. Aliinua pua, akafumba macho, akasema mvua imeshafika kwa majirani. Watu wa benchi wakanusa pia, wakakubali mmoja mmoja. Jumapili akatangaza madhabahuni kwamba yeye mwenyewe, kwa pua yake, amepokea mvua. Sisi tuna desturi ya kupanda kwenye udongo mkavu mvua ikiwa mlangoni, ili ikifika ikute mbegu. Jumatatu mashamba yalijaa majembe. Mwaitu Syokau naye, kwa mguu ule uliofungwa bendeji, alipanda ndengu zake zote za mbegu.

Mvua haikuja. Walikuja njiwa, sisimizi na kuku, na nadhani kuku wa tarafa ile hawajawahi kunenepa vile tena.

Nilijua. Si siku ya kwanza, lakini Jumanne iliyofuata, nilipowasha mashine na kusikia benchi zima likivuta pumzi kwa pamoja, nilijua. Ningetoka nje na kusema. Lakini mtu aliyeitwa daktari miaka thelathini na moja anatokaje nje kusema kwamba mvua ya pasta inatoka kwenye kalamu yake? Nilijiambia kwamba wakulima wana akili zao.

Aliyenibana alikuwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye watu wake ni wa kaskazini mashariki, na wao hutafuta mvua kwa macho, hawasumbuki na pua. Alikuwa kwenye benchi akisubiri kubadilishiwa bendeji ya mkono. Alinusa, akaangalia mbingu iliyokuwa tupu, akaangalia saa yake, kisha akawauliza wenzake kwa sauti ya taratibu, "Hii ni mvua gani inanukia saa nne, Jumanne na Alhamisi pekee?"

Kabla benchi halijapata jibu, nilifunga dirisha. Alhamisi nilikuja na matambara nikaziba mianya, nikabandika plasta ya bendeji pembeni zote, nikashusha na pazia. Mlangoni niliweka blanketi chini. Sista Mbithe alipouliza, nilisema ni vumbi, na vumbi kweli lilikuwepo, maskini Sista hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Harufu haikutoka tena nje. Ilibaki na mimi. Kichwa kiliniuma nikasema ni joto. Koo likaniwasha nikasema ni pilipili. Macho yalipoanza kutoa machozi nilijihurumia, nikidhani ni huzuni ya kustaafu.

Jumanne iliyofuata niliwatibu wagonjwa watatu mfululizo humo ndani, Mwaitu Syokau akawa wa nne. Kwenye faili lake, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na neno pumu. Nilipofika nusu ya kidonda alianza kukohoa. Nikamwambia avumilie kidogo. Kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi, akanishika koti kwa mikono yote miwili, na midomo yake ikabadilika rangi. Nilizima mashine, nikarusha lile blanketi kwa teke, nikamkokota hadi uani nikimwita Sista Mbithe kwa sauti ambayo Sista Rhoda angeikubali. Alikuja na oksijeni na dawa ya kuvuta. Ilichukua muda kabla ya filimbi kunyamaza. Sijawahi kuogopa vile, na sitaki nyinyi mwogope vile.

Wakati Sista akimhudumia uani, nilirudi chumbani. Nilibandua plasta, nikaficha matambara kwenye ndoo, nikafungua dirisha. Sista alipokuja na kuniuliza kama kulikuwa na kitu tofauti siku hiyo, nilimjibu hakuna. Nawaambia hili kwa sababu kosa la dirisha lingeweza kumpata mtu yeyote, lakini hilo la pili nililifanya kwa makusudi, mikono yangu ikiwa bado inanuka plasta.

Mashine ilifungiwa kabatini. Habari zikaenea kwamba ile zambarau ni sumu, na wale waliowahi kutibiwa wakaanza kujipima vifua barabarani kwa kukohoa. Achieng alipigiwa simu. Ilipangwa aje, tukutane sote barazani, na ikibidi airudishe mashine Nairobi ikakaguliwe, jambo ambalo lingechukua miezi. Mwaitu Syokau hakuwa na miezi. Kidonda chake kilikuwa kimebaki na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na kadi ya Kitui ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Bila mwali kidonda kilisimama pale pale. Nilikichora mara mbili, na duara likakaa juu ya duara.

Siku ya mkutano Achieng alikuja na kipimo cha hewa, kisanduku chenye namba. Aliwasha mashine chumbani, dirisha likiwa wazi, akasubiri, akasoma, akakunja uso. Namba ilikuwa ndogo kabisa. Akapima tena, ikawa ile ile. Alitoka barazani akasema kwa upole kwamba haelewi, na kwa kuwa haelewi hawezi kuiacha itumike kwa watu, lazima aondoke nayo. Alikuwa sahihi. Nami nikiwa mkubwa wenu ningewaambia mfanye hivyo hivyo.

Mwaitu Syokau alikuwa ameketi mbele. Alifungua kiondo, akatoa ile kadi, akaiangalia, akairudisha taratibu. Hakulalamika. Angelalamika labda ningeendelea kunyamaza.

Nilisimama. Koti jeupe halikunisaidia kitu. Nilisema niliziba dirisha kwa plasta na matambara, na mlango kwa blanketi. Achieng akaniuliza, bila hasira, "Lakini mzee, si niliwaambia window ikae wazi?" Nikasema aliniambia. Akauliza kwa nini basi. Hapo ndipo nilipotamani paa lianguke, kwa sababu Pasta Kilonzo alikuwa safu ya pili na nusu ya wapandaji walikuwa nyuma yake. Nikaeleza habari ya harufu. Nikaeleza Jumanne na Alhamisi.

Kule nje mbuzi wa Mzee Abdi walikuwa wakitafuna kitu. Kisha pasta akasema polepole, akijiambia mwenyewe, kwamba kwa hiyo Jumapili ile alihubiri mashine. Mzee Abdi alianza kucheka kwa pua, akajaribu kujizuia kwa heshima ya pasta, akashindwa, ikabidi ashikwe asianguke kutoka kwenye benchi. Wengine hawakucheka. Walikuwa wamepoteza mbegu.

Achieng aliingia chumbani akafunga dirisha, akaiwasha mashine, akatuachia kile kisanduku dirishani tukione kupitia kioo, kisha akatoka na kufunga mlango. Namba zilianza kupanda, zikapanda, kisha kisanduku kikalia. Akaingia haraka akafungua dirisha. Tulisimama pale wote tukiangalia namba zikishuka hadi zikawa kama za mwanzo. Hiyo ndiyo elimu yote ya usalama wa plazma niliyonayo, na iliingia vichwani mwa watu wale kuliko mihadhara kumi.

Mwaitu Syokau alinisogelea, akichechemea.

"Wewe ndio ulinipandisha ndengu kwa vumbi," alisema.

"Ni mimi, mwaitu."

"Na hii kifua yangu. Ni wewe pia."

"Ni mimi."

Alifikiri. "Basi mashine haina makosa," akasema, akamgeukia Sista Mbithe. "Sista, nifanyie leo. Dirisha ikae wazi, na huyu asimame huko nje kwa jua."

Nilisimama kwa jua. Sista Mbithe aliniandikia barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu, nikaitia sahihi. Sikuruhusiwa kuishika ile kalamu tena bila mtu wa pili chumbani, na Achieng alisisitiza kwamba mgonjwa yeyote mwenye pumu akae karibu na dirisha na dawa yake mkononi. Mwaitu Syokau akaniwekea adhabu yake pia. Alisema mvua ya kweli ikinyesha, nitaleta mbegu na nitampandia shamba lote kwa mikono yangu.

Alikwenda Kitui kwenye tarehe ya kadi. Yule daktari, daktari wa kweli, aliuangalia mguu, akaubonyeza huku na huku, akaona ngozi mpya imefunika pote isipokuwa alama ndogo kama punje ya mtama. Alimwambia aende nyumbani, ale vizuri, aangalie sukari, na avae viatu.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Novemba, ile ya kulowesha. Siku ya tatu nilifika shambani kwake na jembe na gunia la mbegu, nikijua mgongo wangu utanitukana kwa wiki nzima. Kwetu anayetangulia huchimba mashimo, na anayefuata hutia mbegu na kuyafukia kwa mguu. Nilidhani ningefanya yote mawili peke yangu. Alikuja bila kuitwa, amevaa viatu vya mpira, akachota ndengu kwenye gunia na kunifuata.

Nilichimba mstari mzima bila kugeuka. Nyuma yangu nilisikia mbegu zikidondoka, kisha udongo ukisukumwa na mguu. Kulia, kushoto, kulia. Mguu wa kushoto ndio ule uliokuwa umepewa tarehe. Uligonga ardhi kwa nguvu sawa na mwenzake, shimo baada ya shimo, na nilipofika mwisho wa mstari nilishindwa kuendelea. Nilisimama nimeegemea jembe, machozi yananitiririka, mtu mzima mwenye mvi.

Aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

"Vumbi gani na tunakanyaga matope?" akasema. "Chimba."

Nikachimba.